Miezi Niliyokaa Bila Mutheu

Mutheu wangu alizaliwa mvua ya Novemba ilipokuwa imeshika vizuri, wakati ambapo vilima vya Mbooni havionekani asubuhi kwa ukungu na njia ya kushuka sokoni Kikima inateleza kama sabuni. Alikuwa mtoto wangu wa kwanza. Tulimpa jina la mama yake Muema, mume wangu, kama ilivyo desturi yetu Wakamba, kwa hiyo boma letu likawa na Mutheu wawili, bibi na mjukuu.

Mimi ni fundi cherehani. Juzi mteja wangu mmoja, msichana aliyeleta sketi ya kupunguzwa, alibaki amesimama mlangoni baada ya kulipa. Mwishowe aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli niliwahi kuugua kichwa baada ya kujifungua. Dada yake yuko hivyo sasa, na nyumbani hawajui wafanye nini. Nilimvuta ndani, nikamweleza mpaka chai ikapoa. Baada ya yeye kuondoka niliona afadhali niyaandike, yamfikie na mwingine ambaye hataweza kuja dukani kwangu.

Ugonjwa ulianza na furaha. Mtoto alikuwa na wiki chache tu, na mimi usingizi ukanitoka kabisa wala sikuutamani. Nilichukua vitambaa vya sare ambavyo wazazi walikuwa wameniachia niwashonee watoto wa shule, nikavikata, nikashona magauni ya Mutheu, moja baada ya jingine, madogo na makubwa, mengine ya kumtosha mpaka aolewe. Nilikuwa naimba. Muema alicheka mwanzoni. Akawaambia watu wa kanisa kwamba mke wake amepata nguvu mpya.

Halafu furaha ile iligeuka. Nikaanza kuamini kwamba mtoto aliyelala kitandani kwangu si wangu, kwamba wangu alibadilishwa hospitalini na huyu ana mama yake anayemlilia mahali. Asubuhi moja nilimfunga mgongoni kwa leso nikatoka naye kwenye mvua, nikimrudisha kwa mwenyewe. Walinikuta karibu na daraja. Mtoto alikuwa amelowa chapachapa na midomo imebadilika rangi. Nakumbuka Muema akimnyakua na kumtia ndani ya shati lake, kifuani, huku akitetemeka kuliko mtoto.

Siku ile ndiyo waliyoamua. Simlaumu mtu. Wazee wa kanisa walikuja, wakaomba, wakasema kuna nyumba ya maombi upande wa Kwa Vonza ambako watu wenye shida kama yangu hukaa mpaka wapone. Muema aliniambia, "Kavata, twende mahali upumzike kidogo." Mama yake alibaki na mtoto. Sikuaga, kwa sababu kwa akili yangu ya wakati ule sikuwa na mtu wa kumuaga.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mabati, kwenye uwanda mkavu ambao baada ya ubaridi wa Mbooni uliniunguza macho. Mwenyewe alikuwa mzee mpole, mwenye sauti nzuri ya kuomba. Yeye na mke wake walikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe, kutoka sufuria moja na sisi. Lakini jioni ilipofika, kila mmoja wetu alifungwa mnyororo mguuni, upande wa pili kwenye nguzo ya kitanda, ili tusitoroke wala tusiumizane. Wengine walifungwa hata mchana. Dawa hazikuruhusiwa kuingia pale. Ukiwa na dawa, alisema mzee, unamwambia Mungu humwamini.

Kitanda cha karibu na changu kililaliwa na Syombua, mwanamke wa makamo kutoka upande wa Kibwezi. Yeye ndiye aliyegundua kwamba nguo yangu ilikuwa imelowa kifuani. Maziwa yalikuwa yamejaa, matiti yamekuwa magumu kama mawe, na mimi nikiwa na homa sijui hata inatoka wapi.

"Wewe mtoto, hii itakuua," alisema. "Leta hapa."

Alilowesha kitambaa kwenye maji yaliyowekwa juani, akanikanda, akanionyesha jinsi ya kukamua kwenye kikombe cha bati. Kila asubuhi tulipofunguliwa tulienda naye uani kumwaga maziwa kwenye shina la mpapai. Syombua alikuwa akisikia sauti, nyingine za kumtukana, na wakati mwingine alizijibu. Lakini mikono yake haikuwahi kukosea. Alinisuka nywele. Alinisimulia habari za soko lao kando ya barabara ya Mombasa, malori yanayosimama, wanawake wanaokimbia na vikapu vya machungwa, na dereva mmoja aliyetaka kumuoa akaenda Malaba asirudi. Tulicheka. Ndiyo, pale pale, na minyororo yetu, tulicheka mpaka mke wa mzee akaja kutazama kuna nini. Hadi leo nikisikia harufu ya mabati yaliyopata moto wa jua, ninamkumbuka Syombua kabla ya kukumbuka mnyororo.

Wakati huo mama yangu alikuwa Migwani, hana habari. Muema hakumwambia mapema. Alipopata kujua, alipanda gari mpaka Kwa Vonza, akatembea chini ya jua hadi langoni, akaambiwa kwamba wageni huvuruga maombi. Aliniona kwa mbali tu, kupitia ua wa miiba, nikiwa nimefungwa mchana, na mguu wangu umevimba. Alirudi nyumbani bila kuniita. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa nikiisikia sauti yake ningejikokota na kujiumiza.

Mama hakuwa mtu wa ofisi. Aliuza mboga na pojo sokoni, na mbele ya chifu alisema maneno machache na kuinamisha kichwa. Lakini alienda kwa chifu. Chifu alimwambia mambo ya maombi ni ya kanisa na mume. Akaenda ofisi ya afya ya umma, akaketi kwenye benchi la nje. Afisa alikuwa mkutanoni. Akarudi kesho yake, na siku nyingine, na wiki iliyofuata, na kikapu chake cha mboga miguuni, mpaka makarani wakamzoea na wakaanza kununua mboga zake.

"Mama, ni wewe tena?" afisa alimuuliza siku alipompata.

"Ni mimi tena. Mtoto wangu bado amefungwa."

"Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona. Na wewe nenda uone kwa yako. Si hiyo ndiyo kazi mliyopewa?"

Alinisimulia maneno hayo mara nyingi baadaye, na kila mara alijishangaa kwamba alimjibu hivyo mtu wa serikali.

Wakaguzi walikuja mwanzoni mwa mvua za masika. Habari zilikuwa zimemfikia mzee mapema, kwa sababu siku hiyo tuliamshwa alfajiri, tukafunguliwa, tukaogeshwa kwa maji ya moto na kupewa leso safi. Minyororo ilifichwa chini ya magunia. Mzee alitukusanya. "Mkiulizwa, semeni mko sawa," alisema. Hakuwa na hasira, macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Wakifunga hapa mtaenda wapi? Nyumbani hawawataki. Mnajua hivyo."

Tulijua. Hapo ndipo ilipokuwa hofu yetu.

Walishuka watu wa kaunti, askari mmoja mwanamke, na mama mfupi mwenye raba zilizojaa vumbi. Huyo alijitambulisha kuwa Nthenya. Aliangalia jikoni, akaangalia choo, akaangalia vitanda. Alisimama kidogo kwenye nguzo ya kitanda changu, akapitisha kidole pale ambapo chuma kilikuwa kimekwaruza rangi. Kisha akamwambia mzee, "Naomba nizungumze na akina mama hawa peke yetu."

"Mimi ndiye mlezi wao."

"Najua, mzee. Ndiyo maana naomba utupishe."

Mzee alitoka. Nthenya hakuchukua kiti alicholetewa, aliketi mkekani pamoja nasi. "Natoka kwa bodi ya serikali inayoangalia mahali wagonjwa wa akili wanatunzwa," alisema. "Sijakuja kumshika mtu. Nimekuja kujua mnaishi aje."

Mvua ilianza kugonga mabati. Syombua ndiye aliyesema.

"Wewe ukienda jioni, sisi tunabaki na nani?"

Nthenya alitazama mlangoni, akatutazama mmoja mmoja. "Kama kuna mtu hapa anaogopa kubaki," alisema, "mimi siendi bila yeye."

Basi Syombua alinyanyua leso yake, akanyoosha mguu. Jeraha la kifundoni lilikuwa limepona na kuchunika tena mara nyingi, ngozi imekuwa nyeusi na ngumu. Mwanamke mwingine akanyoosha wa kwake. Mimi sikunyoosha, nilikuwa natazama mvua. Nthenya alinigeukia, akaona blauzi yangu iliyolowa kifuani.

"Mama, unanyonyesha?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Mtoto wako ako wapi?"

Tangu niugue nilikuwa nimeulizwa kama naamini, kama nimetubu, kama nimelala. Hilo hakuna aliyeniuliza. Nilifungua mdomo nikasikia sauti yangu ikisema, "Kikima. Yuko Kikima kwa bibi yake." Sikusema kwamba amebadilishwa. Nilisema yuko Kikima. Kisha nililia, na Syombua akanishika kichwa, na hata yeye akalia.

Jioni ile hakuna aliyebaki. Tulipakiwa kwenye ambulensi na gari la kaunti, na nyumba ikaamriwa ifungwe mpaka itimize masharti. Mzee alisimama kwenye mvua akitutazama. Mke wake alikimbia akatuletea kikapu cha viazi vitamu alivyokuwa amevichemsha, akisema tusile njaa njiani. Sijawahi kuwachukia watu wale. Lakini namwambia kila anayenisikiliza, mgonjwa wako akipelekwa mahali, uliza ni nani anayewaangalia wale wanaomwangalia. Ukiambiwa hakuna, nenda ukaketi kwenye benchi.

Hospitali ya serikali haikuwa peponi. Dawa zilinilaza, zikanipa mdomo mkavu kama jivu na ulimi mzito. Nilinenepa uso mpaka mama alipokuja mara ya kwanza alinipita wadini, akarudi. Mikono ilitetemeka. Mimi niliyekuwa natia uzi kwenye sindano bila kuangalia, sasa sikuweza hata kufunga kifungo. Na maziwa yakakauka. Yalikauka kidogo kidogo, na asubuhi nilipoamka na kukuta blauzi kavu, nilihisi kama uzi wa mwisho kati yangu na Mutheu umekatika.

Lakini mawazo yalirudi mahali pake. Kama vile mtu anavyosikia redio ikitafutwa stesheni, kelele, kelele, halafu sauti safi. Nikajua mtoto ni wangu. Hapo uchungu wenyewe ukaanza.

Muema alikuja Jumapili na suti ya kanisani. Alimkuta mama yangu akinilisha uji.

"Mama, umetutia aibu," alimwambia, akiwa amesimama. "Gari la serikali, polisi. Kikima yote sasa inajua."

"Wacha wajue," mama alisema bila kuacha kunilisha. "Ulikuwa unataka nikae kimya mpaka wajue kwenye matanga?"

Muema alitoka nje. Kupitia dirishani nilimwona ameegemea ukuta, suti imeshika chokaa, akilia kwa nguvu kama mtoto. Kisha akarudi ndani. Alichukua kijiko mkononi mwa mama, akaketi, akaendelea kunilisha. Uji ulikuwa umepoa. Ninakumbuka ladha yake.

Niliomba niletewe Mutheu. Nesi mkuu alisema wadi hairuhusu watoto. Na mama mkwe alituma ujumbe kwamba mjukuu wake hataingia mahali pa wendawazimu. Miezi ikapita. Mahindi yalichanua, yakakomaa, yakavunwa. Muema aliniletea picha kwenye simu, Mutheu amekaa, Mutheu ana meno mawili. Nilizitazama mpaka simu ikaishiwa chaji.

Kisha Nthenya na wenzake wakaja pale pia. Nilishangaa, maana nilidhani serikali haijikagui yenyewe. Waliingia bafuni ambako milango ilikuwa imeng'oka, wakaingia stoo ya dawa, wakaonja chakula. Wakatuuliza sisi wagonjwa, tena peke yetu. Wengi walilalamikia bafu. Mimi nilisema, "Nataka kumwona mtoto wangu."

Nesi mkuu hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba mtoto anaweza kupata maradhi, anaweza kuumizwa, na wao ni wachache. Walizungumza kwa muda mrefu nikiwasikia kupitia mlango. Waliafikiana kwamba chumba kidogo kando ya stoo kisafishwe, kiwekwe mkeka na viti, na mama aliyepata nafuu akutane na mtoto wake hapo, nesi akiwepo. Milango ya bafu ilichukua muda mrefu zaidi, na dawa nazo ziliendelea kuisha mara kwa mara tukaambiwa tununue nje. Si kila kitu kilinyooka. Lakini chumba kile kilipatikana, na nasikia bado kipo.

Siku ya kwanza, mlango ulipofunguliwa, aliyeingia na Mutheu hakuwa Muema. Alikuwa mama mkwe mwenyewe, na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Alikuwa ameogopa kumwachia mtu mwingine mtoto, nadhani, hata baba yake. Alisimama karibu na ukuta akiniangalia, uso wangu ulionenepa, mikono yangu inayotetemeka. Mutheu alinitazama, akaficha uso shingoni mwa bibi yake, akaanza kulia.

Sikusogea. Nilikaa mkekani nikawa nakunja na kukunjua leso yangu polepole. Kulia kukapungua. Jicho moja likachungulia. Mama mkwe alishusha pumzi, akaketi naye chini, mbali kidogo nami.

"Mutheu," alisema, akimwelekeza kwa kidole. "Angalia. Huyu ni Kavata."

Hakusema mama yako. Labda hakuweza, wala mimi sikuwa na nguvu za kumsahihisha. Mtoto alinyoosha mkono akashika ncha ya leso. Nikaiacha aivute.

Nilirudi nyumbani miti ya parachichi ilipokuwa imeinama kwa matunda. Kutoka hapo niliuhesabu mwaka kwa kliniki. Kila mwezi nilienda kuchukua dawa, na mama alitoka Migwani tukutane huko, tukikaa kwenye benchi refu la mbao tukisubiri jina langu. Tulibeba njugu na chupa ya chai. Benchi lile lilikuwa na watu wake. Kulikuwa na baba aliyekuja na kijana wake mwenye kifafa na kumpangusa mdomo kwa leso safi iliyopigwa pasi. Kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyesahihisha Kiswahili cha mabango ukutani. Na kulikuwa na Syombua. Hospitali ilimtafutia dada yake mdogo, ambaye alikuwa ameambiwa miaka mingi kwamba Syombua amekufa. Syombua mwenyewe alikuja kliniki akiwa amevaa viatu vipya vyekundu, akatuonyesha kila mtu. Sauti zilikuwa zimepungua, alisema, siku hizi zinamsalimia tu. Tulishiriki njugu, tukacheka kwa sauti mpaka karani akatuomba tunyamaze.

Watu hushangaa nikisema nazikumbuka siku hizo kwa hamu. Sikumbuki ugonjwa kwa hamu. Ninakumbuka benchi. Mama yangu alifariki kabla ya mvua ya mwaka juzi, kwa moyo, kimya kimya kama alivyoishi. Syombua alimtangulia kidogo. Sasa naenda kliniki peke yangu, mara chache kwa mwaka, na benchi la mbao limebadilishwa likawekwa viti vya chuma, kila mtu na chake. Ni safi zaidi. Huwezi kumwegemea mtu.

Mikono yangu ilitulia. Nashona tena, na wazazi wananiachia vitambaa vya sare bila wasiwasi. Muema huenda nami kuzungumza na akina baba kanisani, na yeye ndiye husema sehemu ya mnyororo, kwa sababu mimi sipendi kuisema.

Na Mutheu. Alipoanza kuongea, alimwita bibi yake Mama, na mimi aliniita Kavata, kama alivyofundishwa kwenye chumba kile. Kavata, uji. Kavata, kojo. Kavata, nibebe. Wageni walicheka, mama mkwe akaona haya, akajaribu kumrekebisha, mtoto akakataa. Iliniuma, sitaki kusema uongo. Lakini ilikuwa sauti yake, na jina langu, na alikuwa akinyoosha mikono kwangu. Alipoanza shule aliwasikia wenzake, akabadilisha mwenyewe siku moja bila kutuambia. Sasa mimi ni Mama kama akina mama wote wa Kikima. Nilisubiri neno hilo kwa miaka. Ila kuna jioni, akitoka shuleni na kuingia dukani akiita, ambapo nainamisha kichwa juu ya cherehani nisiitike mara moja, nikitumaini kwamba atasahau, aniite Kavata mara moja tu.